Kihisi cha oksijeni
(nm. ki-/vi-) Kifaa kinachofungwa kwenye bomba la moshi la gari ili kupima oksijeni iliyosalia baada ya mafuta kuungua. Mafundi husema sensa. Katika maandishi rasmi neno hilo limekwisha kuchukuliwa na hesabu ya watu, kwa hiyo kihisi ni bora. Mfasiri achunge zaidi vitenzi. Kihisi kilichoharibiwa na madini ya risasi au silikoni hakiponi kwa kuoshwa, hung'olewa. Basi kuandika safisha mahali pa badilisha ni kumpotosha fundi na kumtia hasara mwenye gari. Badilisha nalo lina utata, maana huweza kumaanisha geuza. Andika “weka kihisi kipya”. Mfano: Kihisi kikichoka, gari hula mafuta.