Zulia Lile Limefundikwa

Kijitabu cha istilahi za kazi za mikono walichogawiwa akina mama wa Same, wale wanaosuka ukindu na kufuma katani, kimelipa zulia la Kiajemi jina la "zulia lililofumwa kwa mkono". Nililipinga jina hilo kwa barua. Jibu nililoletewa ni kwamba kamati imekwisha kulipitisha. Kupitishwa si hoja. Istilahi inayokificha kitu kile kile ilichoundiwa kukitaja ni mbovu, hata ikipigwa mihuri mingapi.

Namna zulia hilo linavyotengenezwa inajulikana. Nyuzi za mtande hutandwa kwenye kitanda cha mfumi, vipande vya uzi wa sufu hufungwa kimoja kimoja juu ya jozi za nyuzi hizo, mshindio hupitishwa na kushindiliwa kwa kitana, kisha mstari mwingine huanza. Kufuma kumo, sibishi. Lakini kufuma kunashika kitambaa tu. Rangi, nakshi, unene na bei vyote vimebebwa na fundo, na fundo ndilo kamati iliyoliacha nje ya jina.

Kosa hilo linaniuma zaidi kwa kuwa limefanyika hapa, chini ya milima ya Upare. Ukindu husukwa ukawa ukili, ukili ukashonwa ukawa mkeka. Katani, ile iliyoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida ikabakiza miche 62 tu iliyokuwa hai, leo inaota Makanya na Ndungu, na nyuzi zake hufumwa: mtande na mshindio, basi. Zulia la katani halina fundo hata moja. Mama anayeuza mikeka yake gulioni hahitaji mtaalamu wa kumweleza kwamba kusuka, kushona na kufuma ni kazi tatu mbalimbali. Kazi ya nne ina kitenzi chake, nacho ni kufundika.

Sikukizua. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inacho, kwa maana ya kupiga fundo. Nilichopendekeza ni kukipa kazi: zulia la kufundika, zulia lililofundikwa kwa mkono, mfundikaji, ufundikaji. Nikajibiwa kwamba kiambishi -ik- huonyesha hali, kama katika vunjika na someka, kwa hiyo "kufundika" kungekuwa ni kitu kujipiga fundo chenyewe. Jibu hilo limenisikitisha, kwa kuwa limetoka kwa watu wanaolipwa kuijua lugha. Kiswahili kina -ik- nyingine, ya kukiweka kitu mahali pake, na hutambulikana kwa mwenzake wa kutengua: bandika na bandua, funika na funua, pachika na pachua. Fundika ina fundua. Jozi imetimia, na hakuna mzungumzaji anayedhani kwamba aliyebandika tangazo ukutani alibandika nafsi yake.

Pingamizi la pili lilikuwa ndizi. Eti watu wa Usangi na Ugweno watachanganya kufundika na kuvundika. Anayetofautisha kufua nguo na kuvua nguo atayatofautisha na haya.

Neno zulia lenyewe linanitetea. Limetufikia kupitia Kiarabu cha Ghuba, zuliya, nacho kimelitoa katika Kiajemi, zilu. Na zilu ni tandiko la pamba lililofumwa bapa, lisilo na fundo, kama yale ya misikiti ya Meybod. Yaani jina tulilorithi ni la kitu kisichofundikwa! Ndiyo maana zulia peke yake halitoshi na linadai kivumishi kinachotaja fundo. Busati nalo, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kitu cha kutandazwa tu, halisemi kimetengenezwaje. Mwenzangu mmoja wa Dar es Salaam anashikilia "zulia la manyoya", na amelichapisha mara kadhaa bila kugusa hoja zangu. Manyoya yamo hata katika zulia la kiwandani.

Hasara ya jina la kamati inamwangukia mnunuzi. Yako mazulia ambayo sufu yake imechomekwa kwa bastola ya mkononi katika kitambaa, ikagandishwa kwa gundi, kisha mgongo ukafunikwa kwa kitambaa kingine. Mkono umetumika, na muuzaji anayesema "kwa mkono" hajadanganya neno. Gundi hiyo ikikauka na kupasuka, sufu inang'oka. Lakini akiulizwa kama limefundikwa, hana pa kupita.

Kwa matumizi: pindua pembe, hesabu mafundo katika mraba wa sentimita 10, tazama kama matamvua ni ncha za mtande au yameshonewa. Linganisha mafundo kwa eneo, si kwa jumla. Zulia la Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, Muscat, lina mafundo bilioni 1.7 katika mita za mraba 4,343, yaani takriban 3,900 kwa mraba huo. Lile la Ardabil lililoko Makumbusho ya Victoria and Albert, London, lenye tarehe ya mwaka 946 wa Hijria, lina kama 5,300. Wala wingi si kila kitu: gabbeh la wafugaji wa Fars lina mafundo machache na hununuliwa kwa fedha nzuri.

Liko pia fundo ambalo Waajemi huliita jufti, linalofungwa juu ya nyuzi nne za mtande badala ya mbili. Kazi inapungua nusu, zulia linalegea na kuchakaa upesi. Kijitabu hakina neno lake. Nimeliita fundo la punja, na barua yake imekwisha kwenda.