Sarafu na Udongo Wake: Kifaa cha Kutambua Metali katika Magofu ya Unguja

Mtu anayepitisha kifaa cha kutambua metali katika uwanja wa jumba la kale kisiwani Unguja, iwe ni Mtoni alikoishi Seyyid Said au Dunga kwenye makao ya Mwinyi Mkuu, huongozwa na mlio. Penye mlio huchimba shimo dogo, hutoa sarafu, kisha husonga mbele. Machoni pa wengi hajaharibu kitu, kwa kuwa kuta bado zimesimama na sarafu imeokolewa na kutu. Hoja inayotetewa hapa ni kinyume cha hayo, na msingi wake ni tabia ya sarafu zenyewe zilizotumika visiwani.

Mfano ulio wazi zaidi ni riyali ya Maria Theresa, iliyotawala biashara ya Zanzibar kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na riyali zilizofuliwa baada ya kifo chake ziliendelea kuandikwa mwaka huohuo. Iliyofuliwa 1790 na iliyofuliwa 1850 zote husomeka 1780. Wataalamu hupambanua baadhi yake kwa tofauti ndogo za muhuri, lakini siku ambayo riyali ilianguka uani Mtoni haimo katika muhuri. Imo katika vitu vilivyolala nayo: kigae cha sahani ya Ulaya, shanga, tabaka la chokaa lililomwagwa wakati wa ukarabati. Pesa ya shaba ya Seyyid Barghash ya mwaka 1299 Hijria (1881–82) ina nafuu kidogo, ingawa nayo huonyesha tu mwaka ambao kabla yake haikuwapo.

Kwa sarafu za zamani zaidi tatizo ni kubwa mno. Sarafu za Ali bin al-Hasan, zilizookotwa kwa wingi Kilwa na Mafia, hazina tarehe kabisa. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa, alimweka mtawala huyo karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton ulifichua hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zikiwemo za Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari chache za dhahabu. Dinari zilikuwa na tarehe, na za mwisho ni za miaka ya 1060. Kwa ujirani huo tu, Ali bin al-Hasan alirudishwa nyuma zaidi ya karne moja, na historia ya nasaba ya Washirazi ikalazimika kuandikwa upya. Lau mwindaji angetangulia kuzichukua dinari peke yake na kumuuzia sonara, vipande vile vya fedha vingebaki bubu.

Unguja yenyewe imekwisha kuonja hasara hiyo. Dhahabu iliyofukuliwa Unguja Ukuu katika miaka ya 1860 ilitawanyika karibu yote. Sarafu za Kichina zilizopatikana Kajengwa, Makunduchi, mwaka 1945, nyingi zikiwa za nasaba ya Song, zilinusurika, lakini sarafu za Song ziliendelea kutumika muda mrefu baada ya kufuliwa. Hivyo maandishi yake hayatoshi kueleza zilizikwa lini wala na nani.

Kosa haliko katika chombo. Mwaka huohuo wa 1984, kwenye uwanja wa vita wa Little Bighorn nchini Marekani, watu wa kujitolea walitumia vifaa hivi chini ya wanaakiolojia. Mahali pa kila risasi palipimwa na kuchorwa kabla haijaondolewa, na mienendo ya wapiganaji ikafuatiliwa kwa ramani hizo. Unguja Ukuu nako watafiti wamepima usumaku wa ardhi bila kugusa udongo.

Kilichobaki ni suala la ulinzi. Dikrii ya Kuhifadhi Mambo ya Kale ya mwaka 1927 ilijengwa juu ya maeneo yaliyotangazwa rasmi. Dunga na Mtoni yanajulikana na yana walinzi wa aina fulani, walau wa jina. Nyumba za mashamba ya karafuu, ambazo misingi yake imefunikwa na mihogo na migomba na ambazo hazikutajwa katika orodha yoyote, hazina hata hilo; na ndizo ambazo riyali zake bado zimo ardhini, pale zilipoanguka.