Chambua

Msimu wa karafuu ukifika, jioni za Kengeja, kusini mwa Pemba, watu hukaa majamvini wakichambua: karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Makonyo hayatupwi. Hutolewa mafuta kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake.

Neno “chambua” linawafaa sana waandishi wa programu. Katika Elixir, lugha aliyoiasisi José Valim, alama |> hupokeza matokeo ya hatua moja kwa hatua ifuatayo. Badala ya anika(chambua(chuma(shamba))), ambayo msomaji huianzia ndani akitoka nje, huandikwa:

shamba |> chuma |> chambua |> anika

Mchumaji yeyote ataufuata mstari huo, kwa kuwa ndio mwendo wa kazi yake.

Wengi hatua ya kuteua huiita “chuja”. Inatosha pale tu kisichotakiwa kinapoachwa, kama machicha ya nazi. Kuchambua ni jambo jingine: hutoa mafungu mawili, na yote mawili yana kazi. Lugha ya Haskell hutenganisha maana hizo, kitendo kimoja kikirudisha orodha moja, kingine mbili. Basi cha kwanza kiitwe chuja. Cha pili ni chambua, kama wasemavyo Kengeja.