Nyota wa Muhogo Mchungu

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulitengenezwa Tanganyika filamu ya vichekesho kwa Kiswahili, Muhogo Mchungu, habari za mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam akakuta mji una wenyewe. Nyota wake alikuwa kijana wa Kingoni aliyesoma Tabora, mtumishi wa serikali katika Idara ya Ustawi wa Jamii, jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Baada ya kama miaka kumi, kijana yule akawa Waziri Mkuu.

Wamarekani hujisifu kwa Ronald Reagan aliyetoka kwenye filamu akaingia Ikulu yao mwaka 1981. Sisi tulitangulia kwa miaka kumi na tisa, ila hatusemi.

Kawawa alizaliwa Matimila, Songea, tarehe 27 Mei 1926. Chuo cha uigizaji hakuwahi kukiona, kwani hakikuwepo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeingia mkataba na African Film Productions, kampuni ya Johannesburg, ili zipigwe picha zinazochezwa na Waafrika wenyewe, kwa lugha yao, katika mitaa yao. Kawawa akaonekana ana uso unaosema na sauti isiyotetemeka. Zaidi ya Muhogo Mchungu alionekana pia katika Chalo Amerudi na Mgeni Mwema. Majina yenyewe tu yanakueleza wakubwa walitaka nini: anayekwenda mjini ajute, anayerudi kijijini apokewe.

Waliokusudiwa kuhubiriwa hivyo ni watu kama wa bonde la Kilombero. Ifakara wakati huo ilikuwa chini ya wilaya ya Ulanga, boma likiwa Mahenge, na kati ya miji hiyo miwili umelala mto Kilombero ambao masika huifanya nusu ya bonde kuwa ziwa. Wandamba na Wapogoro waliishi na maji hayo kwa akili yao. Msimu wa kilimo familia ilihamia bondeni ikakaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Ukiwa juu ya dungu unawaona ndege wakishuka kwenye mpunga, unawasikia nguruwe usiku, na maji yakijaa yanapita chini ya kitanda chako. Jukwaa la uigizaji nalo halikuwa geni kwao. Uwanja wa ngoma ulikuwepo, ngoma ya sangula ilikuwepo, na katika ngoma yuko siku zote yule mmoja anayemwigiza mkwe mlevi au karani mwenye maringo mpaka watu walie kwa kicheko. Alichokileta Kawawa ni kwamba mchekeshaji sasa aliweza kuchekesha pasipo kuwepo.

Filamu hizo zilikwenda vijijini kwa gari la sinema. Lori lilisimama uwanjani mchana, watoto wakalizunguka. Giza likishaingia, shuka jeupe lilikazwa kwenye nguzo, jenereta likaanza kunguruma, na afisa mwenye kipaza sauti akaeleza yatakayoonekana, wakati mwingine akaendelea kueleza hata picha ikiwa inakwenda. Watu walikaa chini pande zote mbili za shuka. Waliokuwa nyuma waliona kila kitu kwa kinyume, na hawakulalamika. Kwenye nchi za mafuriko hiyo ilikuwa burudani ya kiangazi, baada ya mavuno, maana masika lori halina njia.

Uigizaji wa Kawawa haukudumu. Mwaka 1953 alipelekwa kufanya kazi katika kambi ya Wakikuyu waliowekwa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau. Mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika, na kuanzia hapo jukwaa lake likawa la mikutano ya hadhara. Januari 1962 Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, Kawawa akashika nafasi hiyo hadi Desemba. Baadaye alikuwa Makamu wa Pili wa Rais, na kati ya 1972 na 1977 Waziri Mkuu kwa mara nyingine. Watu walimwita Simba wa Vita.

Kipindi hicho cha pili ndicho kilicholigusa bonde. Reli ya TAZARA ilikuwa imeshafika Mlimba mwaka 1971, ikipitia Ifakara, na mpunga ukapata njia isiyoogopa masika. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Watu walihamishiwa kwenye vijiji vilivyopangwa kando ya barabara, mbali na madungu yao. Mpunga lakini haukuhama. Ndiyo maana familia nyingi za Kilombero zikawa na nyumba mbili, moja ya kijijini kwa ajili ya shule na zahanati, nyingine ya shambani kwa ajili ya tumbo. Serikali ilipanga kama mtu aliyeliona bonde wakati wa kiangazi tu.

Katika miaka hiyohiyo ya 1970, Kampuni ya Filamu Tanzania ilitoa Fimbo ya Mnyonge, kisa cha mkulima anayekwenda kuhangaika mjini na mwisho akauona wokovu katika kijiji cha ujamaa. Mtazamaji angedhani anatazama hadithi ya Muhogo Mchungu iliyobadilishwa nguo: mkoloni na mjamaa, kila mmoja kwa sababu zake, walitaka mkulima abaki kijijini. Aliyekuwa mbele ya kamera mara ya kwanza, mara ya pili alikuwa mkuu wa shughuli za serikali.

Kawawa alifariki Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2009, akazikwa Madale. Sifa alizopewa zilikuwa za uaminifu kwa Nyerere, vyama vya wafanyakazi, Muungano. Zote za haki. Lakini kazi aliyoanza nayo, ya kuwachekesha Waswahili kwa Kiswahili, vijana wa Ifakara wanaotazama filamu za Bongo hawajawahi kuonyeshwa. Mwenye nakala ya Muhogo Mchungu katika hifadhi yoyote ile na aipeleke Ifakara mwezi wa saba, mpunga ukiwa umeshaingia ndani, aitundikie shuka uwanjani.