Care Quality Commission

Care Quality Commission (kifupi: CQC) ni mamlaka ya umma inayosajili na kukagua huduma za afya na ustawi wa jamii nchini Uingereza. Inasimamia hospitali, kliniki, na makao ya kutunzia wazee na watu wenye ulemavu. Uskoti, Welisi na Eire ya Kaskazini zina mamlaka zao.

Historia

CQC iliundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi tarehe 1 Aprili 2009. Ilichukua nafasi ya vyombo vitatu vilivyoshughulikia afya, ustawi wa jamii, na haki za wagonjwa wa akili waliolazwa kwa amri ya sheria.

Ukaguzi wa makao

Makao hayaruhusiwi kutoa huduma bila kusajiliwa. Kwa kawaida lazima yawe pia na meneja aliyesajiliwa kwa jina lake, anayewajibika kisheria pamoja na mmiliki.

Mara nyingi wakaguzi hufika bila taarifa. Huzungumza na wakazi, jamaa zao na wahudumu, na kupitia kumbukumbu za dawa na zamu za kazi. Maswali yao ni matano:

- Je, huduma ni salama?
- Je, inaleta matokeo mazuri?
- Je, wahudumu wanawajali wakazi?
- Je, mahitaji ya kila mkazi yanazingatiwa?
- Je, uongozi ni mzuri?

Swali la mwisho linagusa yale manne ya kwanza. Uongozi ukiwa dhaifu, zamu za usiku hukosa watu wa kutosha, dawa husahauliwa, wakazi huanguka bila tukio kuandikwa, na malalamiko hayajibiwi.

Tangu mwaka 2014 makao hupewa mojawapo ya madaraja manne: bora sana, nzuri, inahitaji kuboreshwa, au duni. Daraja hilo lazima libandikwe mahali panapoonekana. CQC inaweza kutoa onyo, kushtaki au kufuta usajili.

Ukosoaji

Mwaka 2011 kipindi cha televisheni cha BBC kilionyesha wahudumu wakiwapiga na kuwadhalilisha wagonjwa wenye ulemavu wa akili katika Winterbourne View, hospitali binafsi karibu na Bristol. Kabla ya hapo muuguzi mmoja alikuwa ameiarifu CQC, lakini hatua hazikuchukuliwa. Hospitali ilifungwa, na mwaka 2012 watu 11 walihukumiwa. Sita kati yao walifungwa gerezani.

Mwezi Julai 2024 tathmini iliyoongozwa na Penny Dash ilionyesha kwamba takriban sehemu moja kati ya tano ya vituo vilivyo chini ya CQC havijawahi kupewa daraja. Pia alitajwa mkaguzi wa makao ambaye hajawahi kukutana na mtu mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Waziri wa afya, Wes Streeting, alisema mamlaka hiyo haifai kwa kazi yake.

Daraja huonyesha hali ya wakati wa ukaguzi. Likiwa la miaka mingi, au meneja akiwa amebadilika, huenda halilingani tena na huduma wanayopata wakazi.