S.L.P. Kisumu: Enzi za Ukurasa wa Barua

Ukitaka kujua jarida la zamani la katuni lilisomwa na nani, usianze na katuni. Funua ukurasa wa barua, uangalie kilicho chini ya jina la mwandishi: S.L.P., nambari, kisha mji. Mstari huo mmoja ndio uliomfanya msomaji aonekane na wasomaji wenzake.

Kwa kijana wa Manyatta katika miaka ya 1970, mstari huo haukupatikana kwa urahisi. Nchini Kenya, barua ya kawaida haikupelekwa mlangoni. Ilisubiri kwenye ofisi ya posta, ndani ya sanduku lililokodiwa na kulipiwa ada kila mwaka. Manyatta nayo ilikuwa ikipanuka pembeni mwa Kisumu, vyumba vya kupanga vikijengwa katikati ya maboma ya wenyeji, bila majina ya vichochoro wala nambari za milango. Basi anwani iliazimwa: ya shule, ya kanisa, ya mjomba aliyeajiriwa reli. Jibu likija, lilipita kwanza mikononi mwa mwalimu au karani, na kijana aliyekuwa ameandika mambo ya mapenzi alikuwa na kila sababu ya kutetemeka.

Mambo ya mapenzi yaliandikwa kwa wingi. Jarida la Drum, lililoanzia Afrika Kusini na kuenea magharibi na mashariki mwa bara, lilikuwa na safu ya ushauri ambayo vijana walimwandikia dada aitwaye Dolly. Jina na sura ya safu hiyo vilitoka kwa Dolly Rathebe, mwimbaji na mwigizaji maarufu wa Afrika Kusini, lakini majibu yaliandikwa na wanaume waliokaa ofisini. Mwanahistoria Mkenya Kenda Mutongi aliichambua safu hiyo katika makala aliyochapisha mwaka 2000, akizifuata barua za kati ya 1960 na 1980. Ukiisoma unaona jinsi vijana walivyomwaga siri zao mbele ya mtu asiyekuwepo. Msichana anauliza kuhusu mchumba wake, na anayemkaripia kwa sauti ya dada mkubwa ni mwanamume mwenye taipureta.

Nyumba ya uchapishaji ya Drum ndiyo iliyotoa pia African Film, hadithi ya picha za kamera zenye viputo vya maneno, ambayo wengi huikumbuka kwa jina la shujaa wake, Lance Spearman, au Spear. Kofia, tai ya kipepeo, gari la Corvette Stingray, wasaidizi wake Sonia na Lemmy, adui yake Rabon Zollo: mzee aliyesoma shule enzi hizo atakutajia hayo yote bila kupumua. Aliyeigiza ni Jore Mkwanazi. Picha zilipigwa kusini mwa Afrika, jambo ambalo wasomaji wengi wa Nairobi na Lagos hawakulijua, wakati serikali zao zikiususia utawala wa makaburu. Wasomaji waliandika kumsifu Spear, kulalamika na kutafuta marafiki wa kalamu. Hapo ndipo ukurasa wa barua ulipoonyesha kazi yake hasa. Mhariri alifaidika, ndiyo, lakini waliofaidika zaidi ni wasomaji, kwa kuwa walionana. Mtu wa Kisumu aliona kwamba kuna mtu wa Kumasi mwenye wazimu uleule.

Wamarekani walikuwa wamelijua hilo mapema, tena kwa sababu ya kiposta. Ili jarida la katuni litumwe kwa nauli nafuu ya posta, sheria yao ilidai liwe na kurasa za maandishi matupu. Wachapishaji kwanza walijaza hadithi fupi ambazo watoto waliziruka, kisha wakagundua kwamba barua za wasomaji zinaitosheleza sheria vilevile, na waandishi wake hawadai malipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mhariri Julius Schwartz wa kampuni ya katuni ya DC alianza kuchapisha anwani kamili za walioandika. Wapenzi wa katuni wakaanza kuandikiana wao kwa wao, wakatoa vijarida vyao. Kimoja, Alter Ego cha 1961, kilianzishwa na Jerry Bails akishirikiana na Roy Thomas, ambaye baadaye alikuja kuwa mhariri mkuu wa Marvel. DC iliziondoa kurasa za barua mwaka 2002.

Hapa kwetu, jarida lililokaribia kujenga jamii ya namna hiyo ni Joe. Lilizaliwa Nairobi mwaka 1973, wazazi wake wakiwa Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst. Joe mwenyewe alitoka katika safu ya vichekesho ambayo Ng'weno aliiandika kwenye Daily Nation: mwananchi wa kawaida wa mjini, mwenye mfuko mtupu na ulimi mkali, anayecheka ili asilie. Ndani mlikuwa na katuni, hadithi za waandishi kama Meja Mwangi na Sam Kahiga, na wasomaji waliomwandikia Joe kama jirani wa ploti. Ng'weno aliondoka mapema, akaanzisha The Weekly Review mwaka 1975. Hirst na Nereas Gicoru wakaendelea hadi 1979 jarida lilipokufa. Msomi wa Denmark, Bodil Folke Frederiksen, alilifanyia utafiti uliotoka mwaka 1991, na kichwa cha makala yake kinaliita usomaji mtamu kuliko wote Afrika. Mimi sina ubishi.

Lakini tusiifanye enzi hiyo ikawa pepo. Joe liliandikwa kwa Kiingereza. Fundi wa Kondele au mama muuza samaki wa Kibuye, hapa Kisumu, aliweza kucheka na michoro, ila kuandika barua ilikuwa kazi ya aliyefika sekondari, na wengi wao walikuwa wavulana. Msichana aliyethubutu kuweka anwani yake kwenye safu ya marafiki wa kalamu alijiweka wazi kwa wanaume asiowajua. Kiswahili nacho kilikuwa na katuni ya Juha Kalulu ya Edward Gitau, iliyochekesha wasomaji wa gazeti la Taifa Leo kwa miongo kadhaa.

Asiyekuwa na Kiingereza hakunyamaza, hata hivyo. Alihamia redioni. Leonard Mambo Mbotela alianza kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966, na barua za wasikilizaji zikawa sehemu ya uhai wa kipindi. Kisha zikaja kadi za salamu: unanunua kadi dukani, unajaza majina ya unaowasalimu na mitaa yao, unaituma kwa redio ya Sauti ya Kenya, halafu unategea sikio. Watu walijipa majina ya utani, wakaunda vyama, wakatembeleana, wakazikana. Ukiniuliza, mrithi halali wa ukurasa wa barua ni kadi ya salamu, wala si gazeti lolote.

Tukirudi kwa marafiki wa kalamu, Kisumu ilikuwa na jambo ambalo Nairobi haikuwa nalo: ziwa. Meli ya Victoria, iliyotengenezwa Scotland na kuunganishwa upya hapahapa Kisumu, ilianza safari mwaka 1961 ikiwa na herufi RMS mbele ya jina lake, yaani meli ya barua ya kifalme. Ilizunguka Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Kwa mtu wa huku, rafiki wa kalamu wa Mwanza alikuwa ng'ambo ya maji tu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, Tanzania ikafunga mpaka hadi 1983, meli ikaangukia upande wa Tanzania, na shirika la posta la pamoja likagawanywa. Urafiki wa kalamu mwingi uliishia katika barua isiyojibiwa, na hakuna aliyekosa adabu.

Februari 2010 ikaja Shujaaz, katuni ya Sheng iliyogawiwa bure ndani ya Daily Nation na kupitia vibanda vya M-Pesa. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana anayeendesha redio ya siri akiwa chumbani kwake, akijiita DJ B. Vijana walimtumia SMS kama walivyomwandikia Dolly na Joe, na wakajibiwa. Mwaka 2012 Shujaaz ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy. Wala halihitajiki tena sanduku la mjomba: kijana wa Manyatta, akiwa kitandani, anauliza jinsi ya kufuga kuku kwa lugha anayoizungumza barazani.

Lakini nambari ya simu ya kijana huyo haichapishwi, na haifai kuchapishwa katika nchi yenye matapeli wa M-Pesa kama yetu. Ujumbe unakwenda kwa Boyie na kurudi kwa mwenyewe. Kwenye Facebook wasomaji hukutana, ni kweli, ila hakuna mhariri anayekaa na rundo la barua kuchagua sita zinazostahili wino, wala kijana anayejua kwamba yake imezishinda nyingine kwa sababu ameiandika vizuri. Waandaaji huzisoma jumbe zile kwa maelfu ili waelewe vijana wanafikiri nini, na matokeo yake huwafaa watafiti na wafadhili. Kijana wa Mwanza mwenye swali lilelile la kuku hajui kwamba Manyatta kuna mwenzake, na hata angejua, hana pa kumwandikia.