Cha Shirika na cha Kila Uzi: Historia ya Umiliki wa Vigeu katika Programu Sambamba

Makala haya yanachunguza jinsi lugha za kompyuta zilivyojibu swali moja tangu miaka ya 1960: mwandishi wa programu asiposema lolote, kigeu ni cha nani? Kigeu ni jina linaloshika thamani katika kumbukumbu ya kompyuta. Programu inayotekelezwa kwa mkondo mmoja haina haja ya swali hilo. Ikigawanywa katika nyuzi, yaani mikondo kadhaa inayotenda kazi kwa wakati mmoja, swali hilo hutangulia mengine yote. Tuchukue kihesabio chenye thamani ya 7. Nyuzi mbili zinakisoma kwa wakati mmoja, kila uzi unaongeza 1, kila uzi unaandika 8. Kazi mbili zimefanyika lakini hesabu imesogea mara moja tu, na hakuna ishara yoyote ya kosa.

Edsger Dijkstra alilichambua tatizo hili mwaka 1965, akaonyesha namna ya kuhakikisha kwamba mchakato mmoja tu ndio unaoingia katika sehemu nyeti ya programu kwa wakati mmoja. Hata hivyo, suluhisho lake lilitegemea nidhamu ya mwandishi. Mwaka 1972 Per Brinch Hansen alipendekeza jambo ambalo mtafiti wa lugha hawezi kulipita bila kusimama: neno maalumu la kutangazia kigeu cha shirika, pamoja na sharti kwamba kigeu hicho kisiguswe nje ya eneo lililolindwa. Kompaila ingeweza kuikataa programu iliyovunja sharti hilo kabla haijatekelezwa. Kwa hiyo kushiriki kulipaswa kutamkwa.

Gharama ya kuliacha sharti kama hilo mikononi mwa binadamu ilionekana katika Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, wagonjwa sita huko Marekani na Kanada walipigwa na mionzi kupita kiasi, na baadhi yao walifariki. Uchunguzi wa Nancy Leveson na Clark Turner, uliochapishwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba kazi mbalimbali za programu ile zilipashana habari kupitia vigeu vya shirika visivyo na ulinzi. Katika ajali za Tyler, Texas, mwaka 1986, mwendeshaji alisahihisha maelezo kwenye skrini haraka kiasi kwamba sehemu moja ya programu iliyapokea marekebisho na nyingine haikuyapokea. Vigeu havikuwa sababu pekee (vizuizi vya kimitambo vya mashine za awali vilikuwa vimeondolewa), lakini bila vigeu hivyo habari ingekuwa nyingine.

Kinachoshangaza ni kwamba baadaye mkondo mkuu ulielekea kinyume. Vipimo vya OpenMP vilitolewa mwaka 1997 kwa Fortran na mwaka 1998 kwa C na C++. Humo, kigeu kilichotangazwa nje ya eneo sambamba ni cha shirika mwandishi anaponyamaza, isipokuwa vichache kama kihesabio cha kitanzi kinachogawanywa. Sababu yake ni ya kiutendaji: lengo lilikuwa kuzipa usambamba programu kuukuu hatua kwa hatua, na kumpa kila uzi nakala ya jedwali kubwa la data kungemeza kumbukumbu. Mwandishi wa Fortran aliruhusiwa tangu mwanzo kuugeuza ukimya umaanishe umiliki wa kila uzi. Mwandishi wa C alisubiri hadi toleo la 5.1 la mwaka 2020. Wote wawili waliweza kuufuta ukimya kabisa na kulazimika kutaja hali ya kila kigeu, na kwa maoni yangu hilo ndilo linalofaa kufundishwa kwanza. Lugha ya Unified Parallel C, iliyotokea mwaka 1999, ilibaki karibu na Brinch Hansen: kisichotamkwa ni cha uzi wenyewe. Mwaka huohuo Brinch Hansen aliikosoa vikali Java kwa kutoyajali yaliyokwisha kujulikana kwa robo karne.

Java ndiyo inayotufikisha kwenye istilahi zetu. Neno la Kiingereza “private” hubeba dhana mbili. Katika Java humaanisha kwamba kigeu kimefichwa kisionekane na sehemu nyingine za programu, ingawa nyuzi zote zinazopita ndani ya sehemu hiyo hukifikia. Katika OpenMP humaanisha kwamba kila uzi una nakala yake, tena nakala inayoanza bila thamani inayoaminika isipokuwa mwandishi aombe inakiliwe. Kigeu cha Java kinaweza basi kuwa “private” na wakati huohuo kikawa cha shirika. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba zote mbili ni “faragha” atadhani amelindwa mahali asipolindwa.

Sarufi yetu haitamwokoa. Kwa vitu visivyo hai, Kiswahili sanifu hutumia -ake hata mmiliki akiwa katika wingi. “Nyuzi na kigeu chake” haisemi kama kigeu ni kimoja au kila uzi una chake. “Cha pamoja” nako huelekea kwenye wakati kuliko umiliki, kwani vitu viwili vya watu wawili huweza kutumika pamoja. Napendekeza “kigeu cha shirika” kwa kinachomilikiwa na nyuzi zote, “kigeu cha kila uzi” kwa nakala za OpenMP, na “kigeu cha faragha” kibaki kwa kile kilichofichwa. Msomaji wa leo huenda akasikia kampuni katika neno “shirika”, lakini maana ya ubia ingali hai katika “shamba la shirika”, ambapo kila mwenye jembe anajua kwamba hayuko peke yake.